LED au Halojeni? Mjadala wa Taa za Mbele Nyamarambe

Anayeendesha gari usiku Mugirango Kusini anajua mambo ya kuhofia: ukungu wa alfajiri, mvua ya jioni isiyotoa taarifa, trela la miwa lililoharibika katikati ya njia bila taa wala kiakisi, na watu wanaotembea ukingoni kabisa mwa lami kwa sababu hakuna pengine pa kutembea. Sasa limeongezeka jingine. Gari linatokea kwenye kona likiwa na taa nyeupe pe, na kwa sekunde kadhaa unaendesha bila kuona. Mara nyingi si kwamba mwenzako amekataa kuweka dimu. Ameweka. Tatizo ni kwamba amechomeka balbu za LED mahali palipotengenezewa halojeni.

Wanaozinunua wana sababu zao, na wanaozilaani wana zao. Nimezipanga hoja hizo hapa kama mazungumzo ya watu ambao ungeweza kuwakuta wamezunguka Probox moja iliyofunguliwa boneti mjini Nyamarambe: dereva mwenyewe, fundi wa umeme wa magari, mwenye duka la spea, mwendesha boda na mwalimu wa fizikia. Watu hao nimewatunga. Hoja zao ni zile zinazobishaniwa kila siku. Nami nitaingilia, kwa kuwa nina upande. Naona swali la "LED au halojeni" linaulizwa kabla ya swali lililo kubwa zaidi: mwanga wa gari lako unatua wapi?

DEREVA: Mimi natoka steji saa kumi na moja alfajiri, nabeba wa Rongo. Gari linatumia H4, ile balbu ya miguu mitatu. Halojeni zake ni hafifu, mwanga wa njano ambao lami iliyolowa inaumeza wote. Halafu nikiingia barabara ya changarawe zinatikisika mpaka zinaungua. Mwenzangu ameweka LED na mbele yake kunang'aa. Sasa Mzee, unaninyima nini?

FUNDI: Sikunyimi kitu, dere. Nakuuliza: hizo hafifu zako ulizipima? H4 ni wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. Dimu mbili ni wati 110, karibu ampea 9. Ampea hizo zinapita kwenye swichi ya zamani, waya wa zamani, soketi iliyoshika kutu na athi iliyofungwa kwenye bodi yenye rangi. Injini ikinguruma, kwenye betri nasoma volti 13.8 au 14. Nikipeleka mita kwenye soketi ya taa ikiwa inawaka, nasoma 12, na kuna magari nimesoma 11 na kidogo. Hizo nyingine zimepotelea njiani.

DEREVA: Volti mbili tu?

MWALIMU: Hiyo "tu" ndiyo iliyokudanganya. Mwanga wa halojeni haushuki sawa kwa sawa na volti. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa asilimia 30 hivi, na rangi inazidi kuwa ya njano. Umekuwa ukiilaumu balbu kwa kosa la waya.

FUNDI: Na kioo cha taa chenyewe, kile cha plastiki, kimepauka. Pita nacho kidole. Kina ukungu wa manjano uliotokana na jua, na ndani kuna vumbi. Mimi nikikusafishia kioo, nikakufungia athi mpya na kukuwekea relei mbili ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, utasema nimekubadilishia gari.

DEREVA: Sawa. Lakini Mzee, hapo si umenipa sababu ya kununua LED? Yenyewe inakula wati 20 na kitu. Waya wangu mbovu utaiweza. Na ina kisanduku chake kinachorekebisha umeme, volti zikishuka haijali.

FUNDI: Hapo umesema kweli, na siwezi kuikana. Kwa alteneta iliyochoka na betri ya kuunga-unga, LED inapumzisha gari. Na mtikisiko hauikati, kwa sababu haina uzi wa kukatika.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wanaoipinga LED hupita haraka hoja hii, na si haki. Dereva wa alfajiri hanunui LED kwa ajili ya kujionyesha. Ananunua kwa sababu haoni, na kutokuona katika barabara zenye miteremko kama za huku kunaua. Anayetaka kumshawishi aache LED ana wajibu wa kumpa njia nyingine ya kuona. Fundi amempa moja, nayo ni rahisi kuliko balbu zenyewe. Lakini mwalimu ana jambo zito zaidi.

MWALIMU: Nipe hiyo balbu ya zamani. Ishike kwa chuma, usiguse kioo chake, mafuta ya vidole hukifupishia maisha. Tazama ndani. Kuna nyuzi mbili. Kila mmoja una urefu wa milimita 5 hivi na unene wa zaidi kidogo ya milimita 1. Huu wa mbele ni wa dimu. Unaona kikombe kidogo cha chuma kilichoukalia kwa chini?

DEREVA: Nakiona. Nilidhani ni cha kushikilia uzi.

MWALIMU: Kinaziba. Mwanga wa dimu unaruhusiwa kugonga nusu ya juu ya reflekta, kisha unarudishwa barabarani kwa kushuka. Ule ambao ungegonga nusu ya chini ungerudishwa juu, machoni pa watu, kwa hiyo kikombe kinauzuia. Makali ya kikombe hicho ndiyo yanayochora ule mstari unaouona ukutani: kulia umelala, kushoto unapanda kwa nyuzi 15. Unapanda kushoto kwa sababu huku tunaendesha kushoto, na kushoto ndiko aliko mtu anayetembea ukingoni. Japani nao wanaendesha kushoto, ndiyo maana magari yao yanatufaa bila kubadilishwa taa.

MWENYE DUKA: Kwa hiyo reflekta inajua uzi uko wapi?

MWALIMU: Ndivyo ilivyopigiwa hesabu, Mama. Kila sehemu ya ile reflekta imekunjwa kwa kudhani mwanga unatoka pale uzi ulipo, wala si milimita 3 pembeni. Ukileta LED ambayo chipu zake zimekaa mbele zaidi, au zimebandikwa juu ya ubao mnene, reflekta haiwezi kujua umebadilisha. Itautupa mwanga ovyo. Mwingine utaangukia karibu na bampa, mwingine utapanda kwenye majani ya migomba.

DEREVA: Lakini mbele yangu kunaonekana kweupe zaidi!

MWALIMU: Mita kumi za kwanza, ndiyo. Na hapo ndipo hatari ilipo. Mwanga mwingi ukimwagika karibu na gari, jicho lako linajibana kuendana nao, na kile kilicho mita 60 mbele kinazidi kuwa giza. Unahisi unaona zaidi huku uking'amua lile trela la miwa umechelewa. Ukienda kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde.

MWENYE BODA: Na mimi niliye upande wa pili mmenisahau. Nikipishana na hizo taa, kwanza ukingo wa barabara unapotea. Sijui shimo liko wapi, sijui mtoto yuko wapi. Nimembeba mama aliye na ndizi miguuni na mtoto mgongoni, na ninachoweza ni kupunguza mwendo na kuomba. Gari likishapita, giza linabaki machoni.

MWALIMU: Na ukiwa na umri wangu linabaki zaidi. Mtu wa miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi ya ule wa kijana wa miaka 20, na akishapigwa na taa kali anachukua muda mrefu zaidi kurudi kuona sawasawa. Weupe wenyewe una sehemu yake. LED nyeupe ni LED ya samawati iliyofunikwa na unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa wa manjano. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua hiyo ya samawati: Akasaki, Amano na Nakamura. Kadiri balbu inavyoegemea samawati, ndivyo inavyomkera anayetazamana nayo. Rangi ya mwanga wa halojeni ni kelvini kama 3200. Hizi za kwenye masanduku zinaandikwa 6000, 6500.

MWENYE DUKA: Wateja wanaitaka hiyo 6500. Wanasema ndiyo "kali".

MWALIMU: Uliza duka la jumla kama lina 4300 au 5000. Weupe wake unatosha kabisa.

DEREVA: Na ukungu je? Kila mtu anasema njano inapasua ukungu.

MWALIMU: Rangi haina kazi kubwa pale. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachokupofusha kwenye ukungu ni mwanga uliopanda juu na kukurudia. Taa yenye mstari safi, iliyoinamishwa vizuri, itakufikisha Rongo ikiwa ya njano au nyeupe. Ile inayotupa mwanga juu itakujengea ukuta mbele ya kioo.

MWENYE DUKA: Basi niambieni juu ya maandishi ya sanduku. Hapa pameandikwa wati 200, lumeni 20,000.

FUNDI: Mama, fyuzi ya taa kwenye magari haya huwa ni ampea 10 au 15. Wati 200 kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 16 kwa balbu moja. Ingekuwa kweli, fyuzi ingekatika mara tu ukiwasha. Mimi nikiiwekea mita naona ampea 2 hivi. Hiyo ni wati 25.

MWALIMU: Na dimu ya H4 ya halojeni ina lumeni kama 1,000 tu, fulu kama 1,650. Hakuna aliyehitaji 20,000. Walichofanya watengenezaji wa reflekta ni kuzitumia vizuri hizo 1,000.

Nataka wenye maduka walisikie hili kwa makini, kwa sababu mteja wa Nyamarambe hana maabara. Ana sanduku na neno la muuzaji. Balbu inaagizwa kutoka Kirinyaga Road au Grogan, Nairobi, inapanda basi usiku, na kufikia asubuhi imeshachomekwa. Tarakimu kubwa juu ya sanduku huuza haraka. Lakini muuzaji anayeweza kutoa balbu, akaigeuza, akamwonyesha mteja chipu zilivyo nyembamba na kikombe kilivyokaa, anauza kitu bora kuliko tarakimu.

DEREVA: Mbona magari mapya yanatoka kiwandani na LED? Huko hazipofushi?

MWALIMU: Zinatoka na taa nzima ya LED. Lexus LS 600h ilikuwa ya kwanza kuuzwa na dimu za LED, mwaka 2007. Pale lenzi, reflekta na chuma cha kupoza vilibuniwa pamoja kwa ajili ya chipu hizo. Wewe unataka kuweka chipu kwenye nyumba iliyojengewa uzi.

DEREVA: Na serikali za wenzetu zinasemaje?

MWALIMU: Hazikubaliani. Uingereza, mwaka 2021, mwongozo wa ukaguzi wa magari uitwao MOT uliagiza kwamba gari lenye taa ya halojeni iliyogeuzwa kuwa LED likataliwe, ila pikipiki ziliachwa nje. Ujerumani iliruhusu kwa masharti: mwaka 2020 balbu ya LED ya OSRAM ya aina ya H7 ilipata kibali, lakini kwa magari yaliyoorodheshwa kwa jina, kwa sababu reflekta ya gari hili si ya lile. Japani hawaiulizi sana balbu. Wanaupima mwanga kwa mashine: mstari wake, rangi yake, na nguvu isiyopungua kandela 6,400 kwa kila taa ya dimu.

Mimi ningeichagua njia ya Japani. Kupiga marufuku kwa jumla hapa Kenya kutazaa msako wa barabarani na hongo. Orodha ya magari kama ya Ujerumani itabaki kwenye karatasi. Lakini mashine ya kupimia taa inajibu swali lenyewe: mwanga unatua wapi? Tena inampata pia mwenye halojeni zilizofungwa vibaya, ambaye siku hizi hujiona hana hatia kwa kuwa hakununua LED. Magari mengi tunayoendesha yalipita kwenye ukaguzi yakiwa bado Japani, kabla ya kupanda meli. Tunayaharibu sisi wenyewe yakishafika.

FUNDI: Kuna jambo mnalisahau, na kwangu ndilo linalopita yote. Dere, asubuhi unabeba wangapi?

DEREVA: Mzee, unajua Probox.

FUNDI: Najua. Abiria nyuma, mizigo kwenye buti, mikungu ya ndizi juu. Gari linakaa kitako. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 2 na nusu hivi. Nyuma ikizama sentimita 5 tu, taa zinainuka asilimia 2. Mimi nilikufungia zikiwa zimeinama asilimia 1, gari likiwa tupu. Sasa zimeinuka asilimia 1. Taa iko sentimita 70 kutoka chini. Mita 50 mbele, mstari wako uko sentimita 120.

MWALIMU: Hapo ni sawa na macho ya dereva wa gari dogo anayekuja.

FUNDI: Kwa halojeni iliyochoka, anakusamehe. Kwa LED, umempofusha, na dimu umeweka.

MWENYE BODA: Kumbe ndiyo maana Probox zinazorudi tupu hazinisumbui kama zinazokwenda zimejaa.

FUNDI: Ndiyo maana. Magari mengine yana kigurudumu kwenye dashibodi cha kuteremsha taa ukiwa na mzigo. Wengi hawajawahi kukigusa. Lisipokuwa nacho, taa zifungwe gari likiwa na uzito wake wa kawaida. Anayebeba watu kila siku asipimiwe taa akiwa peke yake.

DEREVA: Basi tuseme nimesikia yote, na bado nataka LED. Nichague vipi?

FUNDI: Sasa tunaongea. Lete balbu yako ya zamani dukani, uiweke sambamba na mpya. Chipu za dimu ziwe umbali ule ule kutoka kwenye sahani ya chuma ya kitako cha balbu kama uzi wa dimu ulivyo. Ziwe nyembamba, na ubao uliozibeba uwe mwembamba. Ziwe na kikombe chini yake, kama hiki. Ikiwa chipu zimezunguka pande tatu au nne bila kikombe, irudishe. Ziwe zinatazama kushoto na kulia zikishafungwa. Nyingine zina pete ya kulegeza ili uzizungushe mpaka zikae sawa.

MWENYE DUKA: Na hii feni ya nyuma?

FUNDI: Hiyo uiangalie sana. LED haitoi joto mbele, inalitoa nyuma, kwenye kiti cha chipu. Lisipopozwa, mwanga unafifia na chipu inakufa. Vumbi la changarawe linakwamisha feni. Na kuna magari ambayo mkia huo hauingii kwenye mpira wa nyuma wa taa. Mafundi wanaukata mpira, au wanautupa. Mvua ya kwanza, maji yako ndani ya taa na reflekta inaanza kubanduka. Kama mpira haufungi, hiyo balbu si ya gari lako hata ikiwa nzuri.

DEREVA: Mwenzangu redio yake inakoroma akiwasha taa. Egesa FM haisikiki vizuri.

FUNDI: Ni kisanduku cha umeme cha balbu, hakikuzibwa. Jaribu redio kabla hujalipa, taa zikiwa zimewashwa na injini inanguruma. Halafu tukitoka hapo tunakwenda ukutani. Usiku, pale kwenye ukuta wa kinu cha mahindi, chini pamesawazishwa. Gari mita 5 kutoka ukutani. Nafunga LED upande mmoja tu, upande wa pili naacha halojeni mpya. Nawasha dimu, nafunika moja, nafunua nyingine. Mstari wa LED usipofanana na wa halojeni, ukiwa na mikia inayopanda juu, au ukiwa hauna mstari kabisa, naitoa. Ikifanana, nafunga ya pili, kisha nateremsha mpaka mstari uwe sentimita 5 chini ya usawa wa taa yenyewe.

MWENYE BODA: Na pikipiki yangu?

FUNDI: Yako tupime kwanza umeme wake. Balbu yako ni wati 35, na kuna pikipiki ambazo taa inalishwa moja kwa moja na koili ya injini, umeme wa AC, ukiongeza mafuta mwanga unaongezeka. LED ya gari pale itapepesa, au itaungua. Ipo inayotengenezwa kwa AC. Na hizo taa za ziada ulizofunga kwenye usukani, zishushe. Usiku huu huu. Unamlalamikia dere na wewe unawafanyia wengine yale yale.

MWENYE BODA: Nilizifunga ili nionekane.

FUNDI: Utaonekana zikiwa zimeinama.

MWENYE DUKA: Sasa mimi niagize nini? Nilitaka kuleta katoni nzima.

FUNDI: Usilete katoni, Mama. Leta jozi mbili za H4 za watengenezaji tofauti, 4300 au 5000, zenye kikombe. Tuzijaribu kwenye Probox hii, na kwenye gari jingine lolote la H4 litakalopita, pale ukutani. Itakayochora mstari ndiyo uiletee katoni. Na halojeni usiache kuleta, za kampuni inayojulikana, pamoja na soketi mpya na relei.

DEREVA: Na mimi ninaendeshaje mpaka hizo jozi zifike?

FUNDI: Leo nakufungia athi na kukusafishia kioo. Kesho jioni ukishusha abiria wa mwisho, usipakue mizigo. Njoo hivyo hivyo ulivyo, tukapime ukutani.